Mlangoni Kuna Watu

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya vijana, akina mama wa soko na wafanyabiashara wadogo waliokusanyika katika ukumbi wa parokia hapa Lubumbashi. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba maneno yenyewe. Nayaweka yote kama yalivyotoka, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Jambo yenu, mama na baba. Jambo yenu, vijana. Aksanti kwa kuacha shughuli zenu na kuja kukaa kwenye joto hili.

Nimeombwa nizungumze kuhusu safari za kwenda kuona wanyama. Nitazungumza kuhusu mji. Ukitaja safari ya wanyama, kila aliyemo humu ndani anaona simba, anaona tembo, anaona gari lisilo na paa na mgeni mwenye kofia pana. Je, nani kati yenu ameuona mji? Nani amemwona mama anayeuza nyanya kilomita chache kabla ya lango la hifadhi? Nani amemwona fundi baiskeli, nani amemwona mwalimu, nani amemwona muuguzi wa zamu ya usiku? Mlangoni kuna watu, ndugu zangu. Kila hifadhi ina mlango, na mlangoni kuna watu.

Mji wenyewe unaitwa Mfuwe. Uko Zambia, Jimbo la Mashariki, wilaya ya Mambwe, kando ya mto Luangwa. Ng'ambo ya mto ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Luangwa Kusini, kilomita za mraba 9,050. Habari za wanyama nitazipitia haraka, maana hizo mtazipata kokote: chui ni wengi kuliko sehemu nyingi za Afrika, viboko wamejaa mtoni, na kuna twiga wa aina isiyopatikana popote duniani ila katika bonde hilo. Basi. Tuwaache wanyama wapumzike, tutarudi kwao.

Kwa nini nimechagua Mfuwe, wakati wengine wangewaambia habari za Serengeti? Kwa sababu Zambia ni jirani. Unatoka hapa, unashuka mpakani Kasumbalesa, unapita foleni ya malori ya shaba, unaingia Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, unateremka hadi Lusaka. Lusaka unashika barabara kuu ya mashariki, unavuka daraja la Luangwa, unakwenda mpaka Chipata karibu na Malawi. Kipande hicho peke yake ni karibu kilomita 570, na aliyechoka alale njiani, hakuna medali ya kufika usiku. Kutoka Chipata unageuka kaskazini, kilomita zaidi ya mia moja tena. Barabara inashuka kutoka vilimani kuingia bondeni. Ukianza kuona mibuyu minene na ukihisi joto limekushika shingo, jua umekaribia. Sisi tumezoea kukaa juu, mita 1,200 na zaidi. Kule ni chini, na mwezi wa kumi jua lake si la mchezo.

Na kuna sababu nyingine. Wenyeji wa pale ni Wakunda, wenye machifu sita: Nsefu, Kakumbi, Mnkhanya, Jumbe, Malama na Msoro. Wazee wa Wakunda husimulia kwamba mababu zao walitoka huku kwetu, nchi ya Waluba, wakasafiri kuelekea mashariki mpaka wakalikuta lile bonde. Niliposema natoka Lubumbashi, mzee mmoja alisogeza kiti chake, akataka kujua habari za huku kana kwamba anauliza habari za shangazi aliyeolewa mbali. Kula yao mnaijua: bukari ileile, yaani ugali, wao wanaiita nshima. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi mnachokikoroga hapa mjini kwetu, mitaa ya Katuba na Kenya, na kule wanakikoroga. Kikanda, kile chakula cha mizizi ya okidi na karanga kinachouzwa vipande kwenye beseni sokoni kwetu, kule Zambia utakikuta, kimekatwa vilevile na kimenyunyiziwa pilipili vilevile. Mwenye kujua Kibemba atasaidiwa sana njiani, na bondeni ajifunze salamu za Kinyanja kabla ya kufungua mdomo kwa lolote lingine.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jambo la kwanza nililokuja kusema ni hili: usiupite mji.

Wageni wengi wanaupita. Ndege inatua Mfuwe, gari la hoteli linangoja nje ya uwanja, mizigo inapakiwa, na muda si mrefu mgeni yuko mtoni anakunywa kitu baridi. Kutoka uwanja wa ndege hadi daraja la hifadhi kuna kilomita ishirini na kitu, na mji wote umejipanga kando ya barabara hiyo. Mgeni anauona kupitia dirishani. Anaona rangi za maduka, anaona baiskeli, anaona watoto wanapunga mkono. Je, hapo ametembelea Mfuwe? Anaporudi kwao anasema nimefika Mfuwe. Je, amefika kweli?

Mimi nililala mjini, katika nyumba ya wageni ya mama mmoja, vyumba vichache nyuma ya duka lake. Asubuhi, jua halijachomoza sawasawa, barabara imeshajaa baiskeli. Wapishi, wafua nguo, madereva, watunza bustani, wote wanakwenda kazini kwenye kambi za mtoni. Mwingine amefunga magunia mawili ya makala, yaani makaa ya kupikia, nyuma, mwingine amembeba mkewe mwenye sare ya hoteli, nguo nyeupe kabisa, na vumbi lile lote halimgusi, sijui wanafanyaje. Mama wa nyumba alinizuia nisitoke mpaka kupambazuke vizuri, kisha akanionyesha kwa nini: hatua chache kutoka kwenye uzio wake kulikuwa na kinyesi cha tembo, bado kinatoa mvuke. Na mbele kidogo, watoto wa masomo walikuwa wamesimama wima kando ya barabara, mabegi mgongoni, kimya. Hakuna aliyekuwa akilia, hakuna aliyekuwa akicheka. Walikuwa wanangoja tembo wamalize kuvuka ndipo waende shuleni. Mtoto wa miaka saba anajua asimame upande gani wa upepo. Nani amemfundisha? Kitabu gani?

Hapo ndipo unapoanza kuelewa hifadhi, na unaielewa ukiwa bado hujalipa kiingilio.

Sokoni nilikuta kapenta, wale samaki wadogo wakavu, wanapimwa kwa kikombe, nyanya zimepangwa mafungu, vitenge, simu za mkononi, mitumba. Nilikuta vijana wawili wamekaa chini ya mti na kitabu cha ndege kilichochakaa, wanahojiana majina: jina la kienyeji, jina la Kiingereza, jina la Kilatini. Walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa kuongoza watalii. Bonde la Luangwa lina sifa ya waongozaji hodari, na mitihani yao si ya kupita kwa kujuana. Anayekutembeza kwa miguu porini lazima awe ameifaulu, na mlinzi mwenye bunduki lazima awe naye. Hawa vijana ni watoto wa vijiji vya pale. Baba zao baadhi yao walijua nyayo za wanyama kwa kazi nyingine ambayo sitaitaja, na watoto wanazijua kwa kazi hii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ataponaje kama mgeni hashuki garini?

Kwa hiyo ukienda, lala hata usiku mmoja mjini. Kula mjini. Kodi baiskeli ya mtu. Nunua nyanya. Ukitaka kupiga picha mtu, omba kwanza. Ukikataliwa, shukuru uende zako. Na tafadhalini, msigawe pipi kwa watoto barabarani. Mtoto anayesimama barabarani kungoja pipi ameacha kusimama pale kwa ajili ya tembo, na siku moja hatamwona anapokuja. Kama unataka kusaidia shule, mwone mwalimu mkuu, muulize yeye kinachokosekana.

Nije kwenye jambo la pili, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa.

Mwaka 1950. Zambia ilikuwa bado Rhodesia ya Kaskazini chini ya Waingereza. Sisi mji wetu uliitwa Élisabethville, chini ya Wabelgiji. Utaratibu wa wakoloni kuhusu wanyama ulikuwa mmoja kila mahali: wanyama ni wa serikali. Mwenyeji akiua, ni jangili. Mzungu akiua, ni mwindaji. Mwenyeji akiliwa na mnyama, ni bahati yake mbaya. Kwetu, hifadhi ya Upemba, ilikuwa hivyo, Luangwa ilikuwa hivyo.

Mwaka huo afisa mmoja wa wanyamapori, Norman Carr, alikwenda kwa Chifu Mkuu Nsefu na pendekezo ambalo siku hizo halikuwa na mfano. Atenge sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya wanyama. Zijengwe nyumba chache za msonge kando ya mto. Wageni waje kutazama na kupiga picha, bila bunduki, na walipe. Na fedha ziende wapi? Ziingie kwenye hazina ya chifu, kwa watu wake.

Wengi wanaosimulia kisa hiki humsifu yule Mwingereza. Anastahili sifa, sikatai. Lakini mimi namtazama chifu. Fikirini mko mahali pake. Wanyama wale wamekula mazao ya watu wako. Wamewaua watu wako. Nyama ni chakula cha watu wako, na sasa unaambiwa uiache itembee, eti kuna watu watatoka mbali kuja kuitazama tu na watatoa fedha. Nani angeamini? Nani kati yetu hapa angeamini? Nsefu alikubali. Alihatarisha jina lake mbele ya wazee wake. Na leo hii sehemu ile bado inaitwa Nsefu, ndiyo kipande cha hifadhi kilicho upande wa mashariki wa mto.

Angalieni kilichofanyika. Mwenye ardhi aliulizwa. Mwenye ardhi alikubali. Mwenye ardhi alilipwa. Mambo matatu tu. Hifadhi ngapi Afrika zimeanza kwa mambo hayo matatu?

Isiwe kwamba nawadanganya mkadhani mambo yalinyooka tangu siku ile. Mwaka 1972 eneo likawa hifadhi ya taifa, na uamuzi ukahamia mbali na kijiji. Miaka ya 1970 na 1980 majangili wa pembe walilivamia bonde. Tembo walichinjwa kwa maelfu, na faru wa Luangwa Kusini wakaisha kabisa. Wanakijiji walifanya nini? Wengi walinyamaza. Baadhi waliongoza njia. Kwa nini wasinyamaze? Tembo alikuwa si wao tena.

Ndipo ukaja mpango mwingine, na mwaka 1996, katika eneo la Lupande linalopakana na hifadhi, fedha zitokanazo na uwindaji wa leseni zikaanza kushushwa mpaka kwenye vijiji, mkononi mwa watu. Mzee yule aliyesogeza kiti alinieleza ilivyokuwa. Meza inawekwa chini ya mti. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, noti kwa noti, kwa sauti. Majina yanaitwa. Mtu anapokea fungu lake, analishika, analiona ni lake. Kisha hapohapo mkutano unajadili: shule inataka mabati, kisima kimekauka, tunatoa kiasi gani kila mmoja? Mwingine anatoa nusu, mwingine ananung'unika, mwingine anaondoka na zote. Lakini kila mtu ameona. Alisema kilichombadilisha hakikuwa wingi wa fedha, maana hazikuwa nyingi. Ni kwamba kwa mara ya kwanza alijua zimetoka wapi na zimekwenda wapi.

Baadaye sheria zilibadilika. Fedha zikaanza kupita juu kwanza ndipo zishuke, na leo vijijini utasikia malalamiko kwamba zinachelewa. Hata hivyo ile meza chini ya mti haijasahaulika. Ukikaa na watu wazima wa Mfuwe, wataitaja wenyewe bila kuulizwa.

Jambo la tatu. Kuishi mlangoni kuna gharama, na gharama hiyo hailipwi na mgeni.

Mwaka 1991 bonde la Luangwa lilipata simba mla watu. Dume, halina manyoya ya shingo, urefu wake ulizidi mita tatu. Liliua watu sita. Baada ya kumchukua mama mmoja, lilirudi nyumbani kwake mchana likabeba mfuko wake wa nguo, likatembea nao katikati ya kijiji, likaucheza, likaunguruma. Watu wakasema huyu si simba, huyu ni mchawi. Mngesema nini nyinyi? Watu waliacha kutoka nje jua likizama. Watu waliacha kwenda mashambani. Mwindaji kutoka California alilivizia usiku mwingi kabla ya kulipiga risasi, na leo limekaushwa, limewekwa kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, ambako watoto wa shule wanapita kulitazama nyuma ya kioo.

Watu sita. Makaburi yao hayako Chicago.

Na Wakunda walikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo tangu zamani. Sherehe yao kubwa, Malaila, inakumbuka jinsi mababu walivyomuua simba aliyekuwa akiwamaliza watu. Mgeni anayeifika anaona ngoma na mavazi. Mwenyeji anasikia jambo lililompata jirani yake juzi.

Simba ni mara moja moja. Tembo ni kila mwaka. Mama mmoja alinipeleka shambani kwake, mahindi yakiwa yamekomaa. Kuzunguka shamba amefunga kamba kwenye vijiti, na kila baada ya hatua kadhaa kwenye kamba kunaning'inia kitambaa, fulana kuukuu, kipande cha kitenge, kimelowekwa mafuta machafu ya gari yaliyochanganywa na pilipili iliyotwangwa. Nilikaribia kunusa, macho yakanitoka machozi, naye akanivuta mkono. Tembo ana pua kubwa kuliko yangu, anaichukia pilipili zaidi yangu. Mvua ikinyesha, dawa inaoshwa, lazima aloweke upya. Usiku anachoma matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, moshi uzagae upande wa upepo. Na walinzi wa mazao wana bunduki ndogo zinazorusha vipira vilivyojaa mafuta ya pilipili. Kikimpasukia tembo mwilini, anageuka. Hakuna anayekufa. Lakini mama huyo halali. Kuanzia mahindi yanapotoa mbelewele hadi yanapovunwa, halali. Mgeni aliyeko kambini anamsikia tembo usiku akifurahi. Mama anamsikia tembo yuleyule.

Kambi moja ya mle ndani, Mfuwe Lodge, imejengwa mahali tembo walipozoea kupita kufuata mwembe wa porini. Kila mwaka, matunda yakiiva, kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na mbili, tembo wanapanda ngazi, wanapita mapokezi, mezani pa kuandikia wageni, wanatoka upande wa pili kwenda kula. Picha zake zimezunguka dunia. Mimi nazipenda picha hizo. Ninachotaka ni kwamba anayeziona azione pamoja na kile kitambaa chenye pilipili. Tembo ni huyohuyo.

Kuna nyaya pia. Mitego ya waya ndiyo inayowaua wanyama wengi siku hizi, kitanzi kinafungwa kwenye mti na kuachwa. Walinzi wanazikusanya porini mafungu kwa mafungu. Mjini kuna karakana ambako wanawake wanazinyoosha, wanazikata, wanazipiga nyundo, wanatengeneza vikuku na hereni. Nilikaa nikamtazama mmoja akifanya kazi. Waya una kutu, na mahali pengine umepinda kwa nguvu ambazo si za mtu. Pale ndipo mnyama alipovuta. Yeye anaanza na kipande hicho, anakinyoosha taratibu kwa koleo. Kinauzwa, naye analipa ada ya watoto.

Jambo la nne nitalisema haraka, kwa sababu Lubumbashi inalijua kuliko Mfuwe. Mji usile mkate mmoja. Bonde lile linafungwa na mvua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne barabara za porini zinazama, kambi nyingi zinafunga, na wafanyakazi wengi wanarudi nyumbani bila mshahara. Mwaka 2020, ugonjwa wa corona uliposimamisha ndege, msimu mzima ukapotea. Baiskeli za asubuhi zikakosa pa kwenda. Je, sisi hatujui hayo? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya tani 50,000. Tuliona mitaa mizima inanyamaza. Mfuwe iliyosimama vizuri mwaka ule wa 2020 ni ile ya watu waliokuwa na shamba, na mizinga ya nyuki, na karanga, na mchele wa kuuza kwingine. Anayewaambia vijana wetu kwamba utalii pekee utawatosha, muulizeni habari za mwaka huo.

Sasa turudi nyumbani.

Katanga ina hifadhi mbili kubwa. Upemba ilianzishwa mwaka 1939. Kundelungu mwaka 1970. Upemba ina nyanda za Kibara na maziwa ya mto Lualaba, na punda milia wa mwisho wa Kongo wako huku kwetu Katanga. Kundelungu ina maporomoko ya Lofoi, maji yanaanguka zaidi ya mita 300 bila kugusa kitu. Wangapi humu ndani wameuona Lofoi? Inueni mikono. Tazamaneni wenyewe. Wangapi wamefika Dubai? Naona mikono ya Dubai ni mingi kuliko ya Lofoi.

Mlango wa Upemba uko wapi? Watu wa parki watakuambia Lusinga, palipo na kituo chao. Mitwaba ndiyo mji. Mlango wa Kundelungu uko wapi? Ni vijiji. Na mlangoni kuna watu. Hao watu tuliwahi kuwaketisha tukawauliza? Mwaka 1939 nani aliulizwa? Walinzi wameuawa kule Upemba, vijana wenye wake na watoto, na tunawalilia. Wanavijiji nao wamekimbizwa na vita miaka mingi, wamerudi wamekuta mashamba ni msitu, na mpaka wa parki hawajui unapita wapi. Nao tuwalilie. Nani atalinda kitu ambacho hakijawahi kumletea hata sahani ya mahindi?

Na sisi wa mjini tumo. Makala tuliyopikia leo asubuhi yametoka wapi? Miti ya miombo inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, tanuru kwa tanuru, na mchoma makala hachomi kwa kupenda moshi. Anachoma kwa sababu Lubumbashi inanunua makala, na hakuna kingine kwake ambacho Lubumbashi inanunua. Mtu huyo angekuwa na asali ya kutuuzia, au chumba cha kulaza wageni, au kazi ya kututembeza hadi Lofoi, angeuacha mti mmoja kati ya kumi. Nasema mmoja kati ya kumi, sisemi yote.

Kwa hiyo ninaomba nini? Nyinyi mnaosoma utalii chuoni: kabla hamjachora hoteli, nendeni mkakae Mitwaba, mkae vijiji vya chini ya Kundelungu, muwaulize wazee wanataka nini kwa mgeni na hawataki nini. Nyinyi wenye magari ya kukodisha: mkipeleka watu Lofoi msipakie chakula chote kutoka hapa, nunueni kuku kijijini, nunueni mihogo, lipeni mpishi wa kijijini. Nyinyi wa redio: tunasikia bei ya shaba kila siku, tupeni basi na habari za watu hao mara moja kwa wiki. Na wakubwa wenye mamlaka, ambao najua baadhi wako hapa: siku fedha za lango zitakapoanza kuingia, wekeni meza chini ya mti. Zihesabiwe kwa sauti.

Kuna mama ameinua mkono tangu mwanzo, anataka kujua mambo ya safari yenyewe ya Mfuwe. Ana haki. Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Kadi ya njano ya chanjo usiiache nyumbani, kwa sababu ukitoka Kongo utaulizwa. Bondeni kuna malaria na kuna mbung'o: nunua chandarua, vaa nguo ndefu, epuka rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, maana ndizo zinazowavuta mbung'o. Badilisha kwacha za kutosha kabla hujaingia bondeni, na nyingine ziwe noti ndogo, mwenye baiskeli hana chenji. Mwezi wa sita hadi wa tisa ndio mzuri, barabara zimekauka na usiku una baridi kidogo, chukueni sweta. Usitembee kwa miguu gizani, hata hatua ishirini, hata kama umesikia kimya.

Wanaotaka kwenda kwa kundi, tubaki hapa mbele baada ya kufunga, tuhesabu tuko wangapi na tutafute basi. Nimeshazungumza na yule mama mwenye vyumba nyuma ya duka. Anauliza kama tutaleta kikanda cha huku, akionje, aone kama kweli ni sawa na chake.

Aksanti sana.